Nyama Inayozaa Funza

Sogeeni, wajukuu, ila msinisahihishe katikati. Nikishaanza kukosea nitakosea mpaka mwisho.

Ulikuwa mwaka wa njaa. Mito ilikauka, mawindo yakahama, na Mama Chui alikuwa na watoto wawili waliobaki mbavu tupu. Kila akipata nyama aliiweka chunguni, akaifunika kawa. Na kila akiifunika, Fisi, aliyejifanya mganga wa vyakula, hakukosa kupita.

"Hodi, dada! Nimekuja kukubarikia chungu."

Akalivua kawa, akanuiza huku pua iko ndani, kisha akaonya: "Kawa lisirudi. Baraka haipenyi kifuniko."

Hazikupita siku nyingi, nyama ikajaa funza.

"Umeona?" akasema Fisi. "Nyama ya nyumba yenye mkosi huzaa funza yenyewe. Nipe nikaitupe mbali." Akaenda kuitupa tumboni.

Mama Chui akaenda kulia kwa Simba, wanyama wote wakiwa wamekusanyika. Simba akatikisa manyoya. "Nyama huzaa funza. Babu yangu alisema, baba yangu alisema, nami nimesema. Nani mwingine aseme?"

"Mimi, Bwana mkubwa," akajibu Sungura. "Funza huletwa na mwanga wa mwezi. Nimefikiri mpaka masikio yameniuma."

"Babu yako alisema hivyo?"

"Babu yangu alisema mwezi ni kiazi. Ndiyo maana naomba tuiulize nyama yenyewe."

Simba akacheka, akatoa nyama. Chungu kimoja kikawekwa wazi pangoni, gizani. Cha pili kikawekwa uwanjani, mwezi ukikimulika, mdomo umefungwa kitambaa chepesi kuzuia wadokozi.

"Vyote vitazaa," akasema Fisi.

"Kitazaa cha mwezini tu," akaapa Sungura. "Nikishindwa, nichekeni mpaka mvua inyeshe."

Simba akalinda mwenyewe, Fisi asije akabariki.

Baada ya siku chache walipokuja kutazama, nyama ya gizani ilikuwa ikitambaa funza. Ya mwezini ilinuka, lakini haikuwa na hata mmoja. Nzi walikuwa wamejaa juu ya kitambaa, wakitafuta mlango.

Simba akakohoa. Sungura akaanguka chini kwa kicheko. "Jamani, nichekeni! Mwezi hauna kosa, na mimi nimeusengenya kwa majirani wote!"

Wakamcheka hasa. Mama Chui peke yake hakucheka. Macho yake yalikuwa kwa wale nzi.

"Kumbe wanaoleta funza ni hawa," akasema. "Na hawa huingia penye uwazi. Kawa langu huvuliwa na nani?"

"Na langu?" akauliza Mbweha, ambaye naye chungu chake kilikuwa kikibarikiwa.

Wote wakamgeukia Fisi.

"Hiyo ya kitambaa ni... ni nyama tasa!" akabwata Fisi, akirudi kinyumenyume.

Simba akasema polepole, kama anayemeza mfupa: "Babu yangu alikosea. Na baba yangu. Na..."

"Na nani, Bwana mkubwa?" akauliza Sungura.

"Usinisukume."

Walipogeuka, Fisi alikuwa vumbi tu njiani. Kawa la Mama Chui halikuvuliwa tena na mgeni, na wanawe wakala wakashiba. Nami nafunika chungu changu kila siku, ingawa mwezi ukiwa mpevu bado nautazama kwa jicho baya, maana Sungura alikuwa ameshanishawishi.

Penye ukweli, uongo hujitenga.