Aliye Juu ya Gogo

Aliye juu ya gogo haoni mstari wa chini.

Ndivyo karani alivyomwambia mwenyekiti wa ushirika mbele yenu, mwenyekiti akainamisha kichwa, nanyi mmenijia mkiuliza gogo limeingiaje kwenye kikao cha mboga. Haya, kaeni. Na msiichanganye na ile ya aliye juu mngoje chini; ile ni ya wenye kinyongo. Hii yetu ilizaliwa hapa hapa milimani Usambara, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Zamani, mashine zilipokuwa bado hazijapanda huku, mbao zilipasuliwa na watu wawili. Gogo liliwekwa juu ya ulingo, jukwaa refu la miti, likapigwa mstari wa masizi upande wa juu na mwingine upande wa chini. Mmoja alisimama juu yake, mwenzake akaingia chini, kila mtu na ncha yake ya msumeno mrefu. Wa juu ndiye aliyeitwa fundi. Aliimba, aliongoza, aliamua wapumzike lini. Wa chini alivuta na kula vumbi, na desturi ilimtaka asiseme mpaka aulizwe.

Mbelwa alikuwa wa juu, Shemboko wa chini. Walianza wangali vijana, wakazoeana hata mmoja akikohoa mwenzake alijua pumzi imemwishia. Mbelwa alipotoa wimbo, Shemboko aliuitikia kutoka kule vumbini, na watu wa bonde la pili walijua leo kuna kazi.

Kisha Mbelwa akaanguka ulingoni. Bega lilipona, lakini halikurudi sawasawa, na tangu hapo alivuta akiegemea kushoto bila mwenyewe kujua. Shemboko aliona msumeno ukiuacha mstari wa chini. Akavunja desturi, akasema, "Kaka, msumeno unakula kushoto." Siku hiyo wanunuzi walikuwa wamesimama pale. Mbelwa akajibu kwa sauti kwamba wa chini kazi yake kuvuta, si kufundisha, na wanunuzi wakacheka.

Shemboko hakusema tena. Alichofanya ni kuusokota msumeno kulia kila alipouvuta, ili mbao zitoke zimenyooka. Zikatoka zimenyooka, miaka na miaka, na sifa zote zikapanda juu ya gogo. Ile jeuri ya Mbelwa, jamani! Alidhani ni mkono wake. Wimbo nao ukapungua kuitikiwa, kisha ukakatika, na asubuhi moja Shemboko akaaga kwamba amechoka, akahamia ukweni kwake Bumbuli.

Mbelwa aliita hiyo utovu wa shukrani. Akachukua mtu mwingine, mbao zikatoka nene huku na nyembamba kule. Akamfukuza. Akachukua mwingine, yakawa yale yale. Alikuwa akianza wimbo kwa mazoea, akafika mahali pa kuitikiwa, akasikia msumeno tu. Alimkumbuka Shemboko kuliko alivyowahi kumkumbuka ndugu wa tumbo moja, ila kiburi hakikumruhusu kutamka.

Aliyemfungua macho ni Kipingu, wa chini aliyefuata, mtu mzima asiyeogopa kufukuzwa. Alipogombezwa aliuachia msumeno, akasema, "Shuka uangalie mwenyewe."

Mbelwa akashuka kwa hasira. Akainama chini ya gogo, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga tangu awe fundi. Mstari wa masizi ulikuwa pale, na mkato ulikuwa umeuacha mbali kushoto. Akakaa kwenye vumbi. Kama mkono wake ulipinda hivi, miaka yote ile nani alikuwa akiunyoosha? Kesho yake alishika njia ya Bumbuli.

Alimkuta Shemboko uani akichambua maharage kwa mkono mmoja.

"Nimeshuka chini," alisema, hata salamu akasahau. "Nimeuona mstari."

Shemboko akamsogezea kigoda. "Umechelewa kushuka, kaka."

"Mbona hukuniambia tena?"

"Nilikuambia mara moja, ukanijibu mbele ya watu. Nikaona heri mkono uchoke kuliko kuaibika mara ya pili." Akatupa harage bovu. "Nami nilikosea. Ningekuambia tukiwa wawili, njiani, tunarudi nyumbani."

Mbelwa akamwomba msamaha, akamsihi arudi. Alisema safari hii atasikia lolote, hata matusi. Shemboko akajaribu kuinua mkono wa kulia. Ulifika kifuani ukagoma. Kule kuusokota msumeno kulikuwa kumeumaliza.

"Moyo unataka," alisema. "Huu ndio hautaki."

Walikula maharage pamoja, wakazungumza ya ujana mpaka maneno yakawaishia, kisha Mbelwa akarudi peke yake. Alifanya kazi na Kipingu hadi uzeeni. Kabla ya kila gogo alishuka kwanza, na katikati ya kazi aliita, "Huko chini pakoje?" Kipingu alimjibu ukweli, mtamu au mchungu, na mbao zikanyooka. Lakini kila jibu lilipopanda, masikio ya Mbelwa yaliitamani sauti nyingine, ya Shemboko, ambayo hakuipata tena. Watu walipomuuliza kwa nini fundi mzima anajishusha kuuliza wa chini, alijibu: Aliye juu ya gogo haoni mstari wa chini.