Kwa Nini Wafinyanzi Huanza kwa Mchezo

Milima ilipokuwa bado mibichi, na ukungu ukiingia vyumbani bila hodi, watu wazima hawakucheza. Msichana akishavunja ungo, mvulana akishaota ndevu, mchezo uliishia hapo. Aliyeonekana akichezea tope alizomewa hadi mlangoni kwake. Watu walilima, wakala, wakalala, na hata ndotoni walinyoosha matuta.

Namkunda alikuwa mfinyanzi. Alipima ukingo wa kila chungu kwa unyasi, akaondoka, kisha akarudi kupima tena. Hata hivyo vyungu vyake vilipasuka motoni, maana udongo wa shimo alilopewa ukweni ulikuwa laini mno. Na desturi ilikuwa hii: mfinyanzi akipasua vyungu katika mioto mitatu mfululizo, ananyang'anywa shimo, haugusi udongo tena maisha yake yote. Namkunda alikwishapasua vya moto wa pili.

"Wifi, mara hii usijisumbue kuvifinyanga," Nakiete, dada wa mumewe, alimwambia. "Tuletee vigae tu, tukaangie njugu."

"Sema unataka vya ukubwa gani," Namkunda akajibu.

Asubuhi moja, vyungu vya moto wa tatu vikiwa vinaanikwa, ukungu ulishuka ukafuta nyumba, ukafuta kilima, ukamwacha peke yake. Mkono wake ukachukua tonge la udongo lililosalia. Hakupima. Akaliviringisha kwenye mchanga wa kijito, kwa kuwa tu mchanga ulinong'ona viganjani, akalikanda, akaliviringisha tena, akatoa mbuzi wa miguu mitano. Akamrukisha juu ya gogo. Akamlilia mee, taratibu, na ukungu ukamwitikia. Kifua chake kikalegea. Hakujua kwamba kilikuwa kimekaza miaka yote hiyo.

Mara akasikia nyayo za mavyaa wake, mama wa mumewe. Akamtumbukiza mbuzi ndani ya chungu kikubwa, na kwa aibu hakuthubutu kumtoa hata siku ya kuchoma ilipofika.

Majivu yalipopoa, wanawake wakakuta vyungu vyote vimepasuka. Katikati ya vigae alisimama mbuzi, mzima, mwekundu.

"Na huyu wa nani?" Nakiete akauliza.

Namkunda angeweza kunyamaza. Angepoteza shimo, lakini asingezomewa.

"Wangu," akasema. "Nilikuwa nacheza. Nikamtia mchanga."

Mavyaa akamchukua mbuzi, akamgonga kwa ukucha, akamsikiliza. Mbuzi alilia kama chungu kizuri.

"Mguu wa tano wa nini?"

"Wa akiba, mama."

Bibi kizee akacheka hadi akaketi majivuni. Kisha akasema, "Mchanga huo uliutia kiasi gani?"

Namkunda hakujua. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutopima. Basi hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya shimo; ikawalazimu kucheza tena, wote, mpaka viganja vikitambue kiasi hicho, na Nakiete ndiye aliyefinyanga ng'ombe mwenye sura ya mume wake mwenyewe.

Na tangu siku hiyo, wafinyanzi wa milima ile hawafinyangi chungu kabla ya kucheza. Ukipita asubuhi ya kwanza ya kazi, utawaona wanawake wazima, wengine wana wajukuu, wakirushiana matonge ukunguni. Ukiwauliza kazi itaanza lini, watakuambia imeshaanza.