Matanga ya Gari la Nguchiro

Ngano inakuja!
— Na ije!
Ina miguu?
— Ina magurudumu!
Imekwama!
— Tuisukume!

Sukumeni basi, twende.

Hapo kale, na si kale sana maana barabara zilikuwepo, Nguchiro alikuwa na gari. Si gari la kubebea viazi. Gari refu, jeusi, la viti vya ngozi (ngozi ya nani, tusiulize), na injini yake ikiwaka husema nnguuu, kama paka aliyeshiba. Kazi ya gari hilo ilikuwa moja, kupeleka maharusi. Nguchiro alilipaka nta, akalipamba maua, akaendesha polepole, na wanawe wakala kwa hilo.

Wiki ya harusi ya binti wa Mama Kanga, gari limesimama chini ya mlima, mkokoteni wa Punda ukakata kamba huko juu. Umejaa mawe. Gorogoro, gorogoro, gorogoro, PWAA!

Taa moja ikapasuka. Mlango mmoja ukabonyea. Bampa likaning'inia kama mdomo wa mlevi.

"Nisamehe, ndugu yangu!" Punda akalia.

"Nyamaza, Punda. Hukuumia, sikuumia. Na gari lina bima."

Mwenye bima alikuwa Kiboko. Kila mavuno wanyama walimpelekea matikiti, naye aliwaahidi hivi: chako kikiumia, nakitengeneza. Kikifa, maiti nachukua mimi, wewe nakupa kifuta machozi. Ghala lake lilijaa matikiti hadi mlango ukawa haufungi.

Kiboko akaja, puu, puu, puu. Akaitazama taa, kidogo. Akautazama mlango, kidogo. Akavitazama viti, sana. Akaingia, akakaa. Kiti kikasema fyuuu.

"Lilikuwa gari zuri," akasema.

"Lilikuwa, mjomba? Si taa tu na mlango?"

"Limekufa, kijana wangu. Pole sana. Limeumia ndani kwa ndani."

"Lakini linawaka!" Nguchiro akageuza ufunguo. Nnguuu.

"Pumzi ya mwisho hiyo," Kiboko akasema, akajifuta jicho kavu. "Maiti nachukua mimi. Kifuta machozi chako hiki hapa."

Akampa tikiti moja, limeoza upande. Akafunga kamba, akalivuta gari mpaka uani kwake, huku akiimba kwa furaha, jambo ambalo wafiwa hawalifanyi.

Mama Kanga akaja mbio, manyoya yamesimama.

"Mwanangu, na binti yangu je? Wakwe nimeshawaambia anakuja na gari lile! Atembee kwa miguu, na shela lile, na vumbi hili?"

Nguchiro akainamisha kichwa. Kisha mkia ukasimama wima.

"Mama, kwenye msiba watu hukaa wapi?"

"Penye maiti. Swali gani hilo?"

"Na wanalishwa na nani?"

"Na mwenye nyumba, nani mwingine?"

"Basi waite majirani, Mama. Tumefiwa."

Asubuhi Kiboko akatoka na kitambaa, alipanguse gari lake jipya. Akakuta uani mikeka. Juu ya mikeka, Nguruwe na wanawe. Nyuma ya Nguruwe, Nyani na ukoo wake. Punda analia kwa dhati, maana yeye ndiye aliyeua. Na wote wanaimba:

Gari letu gari, ulale salama,
Kiboko kalia, Kiboko ni mwema.

"Mnafanya nini hapa?"

"Pole, mjomba," Nguchiro akamshika mkono. "Usibaki na maiti peke yako. Tumekuja tulie nawe."

"Nimeshalia. Nendeni."

Wimbo ukakatika. Nyani akamnong'oneza Nguruwe, na mnong'ono wa Nyani husikika hadi ng'ambo: "Anafukuza watu msibani! Siku yake tutamjia kweli?"

Kiboko akakikunja kitambaa chake. "Kaeni," akasema.

Wakakaa. Wakalia. Wakasikia njaa. Ghala likafunguliwa. Kachu, kachu, kachu!

Mchana wakalia tena, wakala tena. Kachu, kachu, kachu! Jioni wakaja wa vijiji vya mbali, waliokuwa hawalijui gari lenyewe, wakalia kuliko wote. Kachu, kachu, kachu!

Kesho yake Kiboko akachungulia ghalani. Mlango sasa ulifungika vizuri sana.

"Nguchiro, mwanangu," akasema, sauti imepungua, "matanga yanaisha lini?"

"Haya ya sasa madogo, mjomba. Subiri arobaini. Tembo wamesema watakuja."

"Tembo!"

"Wote."

Kiboko akakimbia, puu-puu-puu-puu, akaingia garini, akageuza ufunguo. Nnguuu!

"Sikieni! Linapumua! Halijafa! Nani alisema limekufa?"

Wafiwa wote wakamtazama.

"Basi ni mgonjwa," Mama Kanga akasema. "Mgonjwa si hupelekwa kwa fundi?"

"Apelekwe!" Kiboko akajibu.

"Kwa Fundi Kigong'ota," Nguchiro akasema, "si kwa yule binamu yako anayeziba kwa matope."

"Kwa Kigong'ota!"

"Na taa mpya, ya aina ile ile iliyopasuka?"

"Hata mbili! Lakini hilo tikiti liacheni!"

Nguruwe akaliacha. Lilikuwa limebaki ganda.

Kigong'ota akagonga kutwa nzima. Gong', gong', gong', mlango ukanyooka. Gong', gong', bampa likashika. Gharama ya Kiboko, na Kiboko mwenyewe alikuja kusimamia, asije mgonjwa akazidiwa.

Siku ya harusi gari likapita, jeusi, lina maua, taa mbili zinawaka mchana kweupe. Binti Kanga ndani, shela halina hata chembe ya vumbi. Vigelegele mpaka mlimani. Punda mbele, mkokoteni ameuacha nyumbani. Na wote wanaimba:

Gari letu gari, urudi salama,
Kiboko kafufua, Kiboko ni mwema.

Nanyi mnaosikiliza, jifunzeni hapa: wakubwa wana huruma. Mwone Kiboko! Hakuvumilia kabisa kuona gari la mwenzake linakufa.

Ngano imefika, shukeni!
— Tumeshuka!
Na mlango?
— Tufunge taratibu, umetoka kunyooshwa!