Bi Nguchiro na Watoto Wasiosema Wameshiba

Paukwa!

— Pakawa.

Hiyo ni pakawa au mnapiga miayo? Paukwa!

— Pakawaaa!

Pakawa nini?

— Pakawa kisa! Mwenye kisa kaketi, mwenye masikio kasogea!

Ehe, hapo sawa. Basi sogeeni. Na wewe unayekwaruza ukuta, acha.

Hapo kale, kwenye bonde moja lenye vichuguu vingi, aliishi Bi Nguchiro. Nguchiro mnamjua? Kiumbe kidogo, kirefu cha mwili, kifupi cha miguu, mdomo wake haupumziki. Tiki-tiki-tiki, ndivyo alivyotembea. Huyu Bi Nguchiro alikuwa na ndugu yake wa kunyonya, naye ni mama ngiri. Walinyonya ziwa moja, wakakua pamoja, wakapendana sana. Siku moja mama ngiri na mumewe wakakutana na Simba njiani. Tusiseme mengi, kuna wadogo humu. Wakabaki yatima wawili: Sikudhani, dada mtu, na Vuai, mdogo wake.

Matanga yakawekwa. Akaja Bwana Ngiri, kaka mkubwa wa marehemu baba yao. Jitu nene hilo! Meno yamepinda huku na huku, shingo hana. Akala ubwabwa wa matanga, akaongezwa, akala, akakomba na sufuria, gwaru, gwaru. Watu wakamuuliza, "Na hawa watoto je?" Akafuta mdomo. "Mungu hamtupi mja wake," akasema, akaenda zake.

Aliyewachukua ni Bi Nguchiro. Walimwita mama mdogo, na kweli alikuwa mdogo, maana hata mwaka haukuisha wakampita kimo. Akitaka kumwosha Vuai masikio, sharti apande juu ya jiwe. Lakini alilea! Alichimba mizizi kwa vile vikucha vyake, kwaru-kwaru-kwaru, akapika, akapakua.

"Mmeshiba?"

"Bado, mama mdogo."

Akapakua tena. "Mmeshiba?"

"Bado, mama mdogo."

Akapakua mpaka chungu kikalia. Watoto wakishalala, yeye hukwangua ukoko. Kukicha, tiki-tiki-tiki, huyoo, anachimba. Wenye nguvu nimewaona wengi, jamani, lakini nguvu kama ile sijaiona.

Watoto wakakua. Pua zao zikakomaa. Sikudhani akipiga pua ardhini, kiazi nje! Vuai akipiga pua ardhini, kiazi nje! Habari zikamfikia Bwana Ngiri. Ghala lake lilijaa viazi mpaka mlangoni, na bado alilia njaa. Tena kuchimba hataki. "Kumbe wana wa ndugu yangu wamekuwa!" akasema. Leo ndiyo kakumbuka kwamba alikuwa na ndugu. Puu, puu, puu, akaja mpaka kichuguuni kwa Bi Nguchiro.

"Hodi, shemeji. Nimekuja kuchukua wanangu."

"Karibu, shemeji. Wanao tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa. Mtoto ni wa ukoo wa baba. Wewe ni nani? Nguchiro analea ngiri, umeona wapi?"

Shauri likapelekwa kwa Mzee Korongo, kadhi wa bonde. Mzee huyu alipenda kusimama kwa mguu mmoja, aonekane anafikiri. Wanyama wote wakajaa kusikiliza. Korongo akafumba jicho, akafumbua.

"Mila ni mila," akasema. "Mtoto hufuata ukoo wa baba."

Bwana Ngiri akacheka, hro, hro, hro! Vuai akaangua kilio, akaushika mkia wa mama mdogo, hauachii. Bi Nguchiro alitaka kulia naye. Lakini alijua akilia yeye sasa, watoto ndio wamekwenda.

Akasema, "Umesema kweli, mzee wangu. Mila ni mila, na tuifuate yote. Bila shaka unaikumbuka mila ya kukabidhiana watoto."

Korongo akabadilisha mguu. Hakuikumbuka. Na angeikumbukaje, kitu kimetungwa pale pale, bado cha moto! Lakini kadhi mzima, mbele za watu, aseme hajui?

"Naikumbuka sana," akasema. "Lakini itaje wewe, vijana wapate kusikia."

"Anayepokea watoto hupiga magoti mbele za watu. Huwalisha kwa mkono wake, kutoka ghala lake, mpaka waseme wenyewe: tumeshiba. Na yeye hatii kitu kinywani kabla yao. Mlezi hula mwisho."

"Ndivyo hasa!" akadakia Nyumbu mzee, naye hajui lolote.

"Hata marehemu babu alikabidhiwa hivyo hivyo," akasema Bi Kanga. Mwongo mkubwa! Kila mwenye mvi akaitikia kwa kichwa, asije akaonekana hakufunzwa kwao.

Bwana Ngiri akajipiga kifua. "Kulisha tu? Mimi? Njooni wote kesho, mshuhudie ghala la mwanamume!"

Jioni ile Sikudhani akauliza, "Mama mdogo, ndiyo unatutoa?"

"Sikuwatoa mlipokuwa mzigo, nitawatoa leo? Hebu sikilizeni. Mkienda kwa watu, nimewafunza nini?"

"Tule matonge mawili matatu, kisha tuseme tumeshiba, ahsanteni."

"Haya. Lakini kesho hamwendi kwa watu. Baba mkubwa kasema mwenyewe, kule ni kwenu. Kwao mtu hali kwa haya. Mkishiba, semeni. Msiposhiba, msiseme uongo."

Asubuhi bonde zima likajaa mlangoni kwa Bwana Ngiri. Akapiga magoti, puu! Akachota viazi, akalisha. Watoto wakatafuna, kwatu-kwatu, kwatu-kwatu.

"Mmeshiba?"

"Bado, baba mkubwa."

Akachota tena. Kwatu-kwatu, kwatu-kwatu.

"Mmeshiba?"

"Bado, baba mkubwa."

Likaenda kapu, likaenda la pili. Zikaenda karanga, ikaenda mihogo. Jua likapanda. Magoti yakamchubuka. Harufu ya viazi ikampanda puani, udenda ukamtoka, ti, ti, ti, na mwenyewe hana ruhusa hata ya kulamba kidole.

"Mmeshiba, wanangu?" Sauti ilikuwa imeshuka.

"Bado, baba mkubwa. Kitamu!"

Mwisho ghala likawa jeupe. Kikabaki kiazi kimoja, kinene, kizuri. Bwana Ngiri akakishika. Akamtazama Vuai. Vuai akafungua kinywa, aaa. Bwana Ngiri akakitazama kiazi. Mkono ukaenda kwa Vuai, ukasita, ukarudi. Kap! Akakimeza yeye, mzima mzima.

"Lo!" wakasema watu wote.

"Umekula!" akasema Korongo. "Mlezi hula mwisho!"

Bwana Ngiri akaunguruma. "Hii ni hila! Matumbo ya watoto hawa hayana kitako! Hakuna awezaye kuwashibisha! Muulizeni huyo Nguchiro wenu, kwake walishiba lini?"

Watu wakageuka. Hapo Bi Nguchiro hakuwa amejiandaa. Hila yake ilikuwa imefika mwisho.

"Sema kweli, Bi Nguchiro," akasema Korongo. "Kwako walishiba lini?"

Akainama. "Hawajashiba, mzee wangu. Tangu siku ya matanga mpaka leo, neno hilo sijalisikia."

"Na wewe hula saa ngapi?"

"Wakishalala. Kama kimebaki."

Nyumbu mzee akapenga kamasi. Korongo akaushusha mguu wa pili, akasimama kwa miguu yote miwili, jambo ambalo bondeni halijapata kuonekana.

"Bwana Ngiri," akasema, "wewe umelisha asubuhi moja ukashindwa. Huyu hajamaliza, na hajaacha. Watoto ni wa huyu."

Vigelegele hivyo! Vuai akamrukia mama mdogo kwa furaha, nusura amponde. Bwana Ngiri kujaribu kuinuka, magoti hayataki. Na mashahidi nao wakaanza, "Bwana, na sisi tonge letu liko wapi?" Aibu ikampa nguvu. Akachomoka mbio, mkia juu, tuu! Mpaka leo mwangalieni: akila, magoti chini, akikimbia, mkia juu. Wengine watawaambia ni kwa sababu hana shingo. Waacheni na elimu yao.

Haya, fundisho. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Basi wanangu, kazi ya nini? Ndugu yenu akiacha yatima, kuleni ubwabwa, futeni mdomo, nendeni zenu. Ngojeni pua zikomae, ndipo mkadai ukoo. Na mkimwona mtu amekonda kwa kulea mtoto asiyemzaa, mcheke sana, hana akili huyo. Wenye akili ni wanene.

Hadithi imefika ukingoni. Kama ni tamu, anzeni nyie. Kama ni chungu, niachieni; mimi nitakula mwisho.