Kocha Aliyemweka Benchi Binti wa Mwenyekiti

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, watu wanne walikaa nje ya uwanja wa mpira wa pete wakisubiri usaili. Nafasi ya kocha ilikuwa moja.

Wa mwisho kuitwa alikuwa mama mmoja aliyewafundisha watoto wa shule za msingi mchezo huo kwa miaka tisa bila mshahara. Alishafanyiwa usaili mara mbili kwingineko, akarudi mikono mitupu. Nyumbani walikubaliana: akikosa na hapa, anakwenda kuuza misumari na saruji dukani kwa kaka yake, habari za ukocha ziishe.

Zoezi lilikuwa hili. Wachezaji kumi na wanne wanacheza nusu saa, waombaji wote wanatazama, kisha kila mmoja anaingia ofisini peke yake na kuitajia kamati wachezaji saba ambao angeanza nao.

Jamaa aliyetoka kusailiwa alimwinamia akipita.

"Dada, yule mfungaji mrefu ni binti wa mwenyekiti wa kamati. Usije ukajifanya huoni."

"Nani asiyejua?"

"Basi. Sisi wote tumeanza na yeye."

Wapendwa, ungekuwa wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka. Kazi ni moja, na duka la saruji linakusubiri.

Mama aliingia. Akataja majina saba. La binti halikuwamo.

"Mfungaji wangu umemwacha wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Benchi, mzee."

"Unajua ni nani?"

"Ni mwanao. Hakuna anayetupa vizuri kama yeye pale uwanjani. Lakini akipokonywa mpira anasimama, anashika kiuno, wenzake ndio wahangaike. Nimehesabu mara tano. Na dakika za mwisho pumzi hana."

Mjumbe mmoja akacheka. "Mama, umekuja kuomba kazi au kutafuta ugomvi?"

"Kazi. Nipeni miezi mitatu naye, ataanza. Leo hapana."

"Tumekusikia," mwenyekiti akasema. "Unaweza kwenda."

Mama alisimama. Alijua maneno hayo yana maana gani. Alishayasikia mara mbili.

Sasa sikilizeni. Dirisha lilikuwa wazi, na wachezaji walikuwa nje pale pale wakinywa maji. Kila neno walilisikia. Mlango ukafunguliwa, binti akaingia bila hodi, jezi imelowa jasho. Mama akajiandaa kutukanwa.

"Baba, mpe huyu."

"Huyu? Si amekukataa!"

"Makocha wanne wamenipanga ndani ya miaka miwili. Hakuna aliyenitazama hata mmoja. Walikuwa wanakutazama wewe. Na fainali zote mbili tumefungwa. Huyu ameniona, baba."

Mwenyekiti aliwageukia wajumbe wake. Yule aliyecheka alikuwa anaangalia meza.

"Mama," akasema mwenyekiti, "mazoezi ni Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Na huyu ukimwona ameshika kiuno, usiniulize mimi."

Nje walipiga vigelegele mpaka walinzi wa getini wakaja kuuliza kuna nini.

Ndugu zangu, sisi tunapenda kupangwa. Tunamwomba Mungu atuweke mbele, na akituweka benchi tunanuna. Tunasema ametusahau. Wengine tunahama kanisa, tunatafuta mahali watakapotupa jezi siku hiyo hiyo tuliyofika. Je, kama siku ile ya benchi ndiyo siku aliyokutazama kweli? Mke wako anapokuambia, "Baba fulani, una hasira," amekuwa adui? Mzee wa kanisa akikuita pembeni kuhusu ulimi wako, utamsikiliza, au utauliza kama anajua wewe ni mtoto wa nani? Mara ngapi juma hili umesimama umeshika kiuno, wenzako wakihangaika?

Yule binti angeweza kunyamaza. Nafasi yake ilikuwa salama kwa wale waombaji watatu wengine, na baba yake alikuwa upande wake. Alimchagua aliyemwambia kasoro yake. Na sisi tumwombe Mungu kocha wa namna hiyo, kisha akija tusimfukuze.

Fainali ya mkoa ilichezwa mwezi wa tisa. Binti alianza, akacheza robo zote nne. Timu ilishinda mabao thelathini na moja kwa ishirini na nane.