Ruta Mbili za Ua Mmoja

Mama mmoja wa Tukuyu alikuwa na wana wawili waliojenga katika ua mmoja. Mkubwa, Ambakisye, aliishi na mama nyumba ya mbele. Mdogo, Gwamaka, nyumba ya nyuma. Dada yao Atuganile alikuwa ng'ambo, na Jumamosi moja alikuwa anaolewa huko. Alisema hatavaa pete kabla mama yake hajambariki kwa sauti yake mwenyewe kupitia simu ya video, kanisa zima likisikia.

Ndugu zangu, nyumba ya mbele ilikuwa na ruta, na intaneti yote ya ua ilipitia humo. Gwamaka alipoona haimfikii vizuri, alinunua ruta yake, akavuta waya kutoka ile ya kwanza hadi kwake. Tangu hapo amani ikaondoka. Leo simu ya mama inafungua, kesho inagoma. Alama ya mtandao imejaa, lakini uso wa Atuganile hauji. Ambakisye akasema mdogo wake anamaliza intaneti. Gwamaka akasema kaka yake anambania makusudi. Wakaacha kusalimiana.

Siku ya harusi simu ikagoma. Ambakisye alizima ruta yake, akaiwasha, bure. Huko ng'ambo bibi harusi alikuwa amesimama mbele ya mchungaji, anasubiri. Ndipo Ambakisye akafungua mipangilio ya simu, akaitazama anwani iliyopewa. Maana kila simu ikiingia kwenye mtandao huomba anwani, na pamoja nayo huonyeshwa mlango wa kutokea. Anwani ile haikutoka kwenye ruta yake. Ilitolewa na ile ya nyuma, iliyokuwa ikimwita kila aombaye aje kwake, nayo yenyewe, ingawa ilikuwa na waya, haikujua njia ya kwenda nje. Aliyejibiwa kwanza na ya mbele alipita. Aliyejibiwa kwanza na ya nyuma alipotea, ingawa anwani anayo.

Kuvuka ua ule kulimwia vigumu. Alivuka. Akamkuta mdogo wake mlangoni, naye amekwama vile vile, akamweleza kwamba ruta zote mbili zinagawa anwani na simu hazijui ziifuate ipi. Akamwomba msamaha kwa maneno yote aliyomsema.

Ruta ile ilikuwa jasho la Gwamaka, na angeweza kudai kwamba ya mbele ndiyo inyamaze. Lakini akasema, "Basi yangu iache kugawa, kaka. Ipitishe tu."

Akaiondolea kazi ya kugawa anwani. Hakuing'oa, iliendelea kuwaka, ikipeleka nyumba ya nyuma kile ilichopokea kutoka mbele. Wakazima simu ya mama, wakaiwasha, na uso wa Atuganile ukatokea, shela na machozi. Mama akasimama. Akainua mikono, akambariki binti yake kwa Kinyakyusa, kisha akapiga kigelegele kilichosikika hadi barabarani. Na kanisa la ng'ambo, watu wasiojua hata neno moja la lugha yake, likasimama lote likashangilia. Pete ikavaliwa. Wana wale wawili walikuwa wamemshika mama huku na huku, wanaimba na kulia.

Basi ninyi mliopewa kuongoza wengine: anayekufuata wewe anafika kwa Mungu, au anaishia kwako?