Laki Tano za Mpishi

Wapendwa, kuna jambo nimelifikiria miaka mingi na mpaka leo sijalipatia jawabu: kwa nini fedha ambayo hatujaipata tunaigawa kwa ukarimu kuliko ile iliyo mfukoni? Nimesoma, nimeuliza watu, nimejiuliza mwenyewe. Sijui. Basi nitawasimulia tu.

Mpishi mmoja wa shule alialikwa kwenye kikao cha harusi ya binti wa jirani yake. Mnavijua vikao vyetu: katibu anaita jina, unasimama, unataja ahadi yako, watu wanapiga makofi. Aliyemtangulia, seremala, akasema laki tatu. Makofi! Mpishi alikuwa ametoka nyumbani na elfu hamsini kichwani. Akasimama, akakohoa, mdomo wake ukasema laki tano.

Nyumbani, mkewe aliweka mwiko chini.

"Laki tano? Utauza masufuria ya shule?"

"Sasa mke wangu, baada ya laki tatu za mwenzangu, ningetaja elfu hamsini mbele ya watu wote?"

"Ndiyo. Ungetaja, ungekaa, tungelala."

"Benki wanatoa kadi ya mkopo. Nalipa ahadi sasa, wao nawarudishia polepole. Riba yenyewe kidogo kidogo tu kila mwezi."

"Hiyo kidogo kidogo ndiyo ada ya mtoto, baba. Akirudishwa nyumbani, utamwambia ulipigiwa makofi?"

Ninyi mngejibu nini? Nawaona wengine mmeinamisha vichwa. Nami ningeinamisha, ila nimesimama hapa mbele.

Kesho yake mpishi akaenda benki hata hivyo, mkewe nyuma yake. Kwenye benchi la waombaji kadi wakamkuta nani? Seremala wa laki tatu! Pembeni yake mwenyekiti wa kamati ya harusi, ameshika fomu. Na mwisho wa benchi, amejificha nyuma ya gazeti, baba wa bibi harusi mwenyewe.

"Hata wewe, jirani?" mpishi akauliza.

"Mliahidi mengi, nikakodi ukumbi mkubwa. Sasa wenye ukumbi wanadai, nami nimeona aibu kuwasumbua ninyi wenye uwezo."

Wenye uwezo wakatazamana.

"Mimi nilisema laki tatu kwa sababu mwenyekiti alikuwa ananikodolea macho," seremala akakiri.

"Nilisahau miwani nyumbani," mwenyekiti akasema. "Siku ile sikumwona mtu."

Ndugu zangu, sisi tunawaogopa watu ambao nao wanatuogopa, kisha tunakwenda kukopa ili hofu yetu ionekane ukarimu. Sisemi kadi ni dhambi. Iko siku itamfaa mtu. Lakini kabla hatujatia sahihi, tujiulize: tunanunua nini hasa, na ni nani nyumbani atakayekipunguza chakula chake ili tulipe?

Pale pale benchini kikao kikafanyika. Ikaamuliwa ukumbi uachwe, harusi ifanyike uani kwa jirani, na kila mmoja atoe alichonacho. Mwenyekiti akalitoa daftari la ahadi mkobani. Kalamu ya benki ilikuwa imefungwa kwa kamba dirishani, hivyo wakalipeleka daftari huko. Aliyezifuta zile laki, mstari kwa mstari, ni baba wa bibi harusi kwa mkono wake mwenyewe. Na kwenye jina la mpishi akaandika: elfu hamsini, na pilau utapika wewe.